Plati ya taya haipandwi meno

Juzi tena. Kijana wa Tandahimba, korosho zimeuzwa, hela ipo, kakaa kwenye kiti changu hapa Mtwara: "Daktari, chuma ninacho tayari. Nipandie meno juu yake." Mwaka jana alikatwa taya la chini upande wa kulia kwa ameloblastoma, uvimbe unaoota ndani ya taya, akafungwa plati. Nimechoka kulieleza hili kwa mmoja mmoja.

Plati haibebi meno. Kazi yake ni kushikilia ncha mbili za taya, kidevu kisivutwe kwenda upande uliokatwa. Kila ukitafuna inapinda kidogo, na chuma kinachopindapinda mwisho hukatika, au skurubu hulegea, au plati yenyewe huchomoza kwenye ngozi. Ni mti wa kuegemezea mgomba. Ndizi hazizaliwi na mti ule.

Kinachowachanganya watu ni kwamba jino la kupandikiza nalo mzizi wake ni titani, kama plati. Lakini mzizi ule unashikwa na mfupa hai, unaougandia kwa miezi 3 hadi 6. Pasipo mfupa, hakuna cha kupanda. Pengo lisilozidi kama sentimita 6 hujazwa na mfupa wa nyonga. Likizidi, huchukuliwa fibula, ule mfupa mwembamba wa mguuni, pamoja na mishipa yake ya damu, njia iliyoanza kutumika kwa taya mwaka 1989. Kwa hiyo wagonjwa wa namna hii nawatuma Dar es Salaam.

Na fibula kimo chake ni kama nusu ya taya lenye meno. Jino linaanzia bondeni, linakuwa refu, na urefu ule unautikisa mzizi wake kila tonge.

Ndiyo maana nasitasita kumsukuma kila mtu kwenye kupandikiza. Hata meno ya kuvaa na kuvua yana lake. Mama mmoja nilimtengenezea, yakakaa sawasawa, wiki mbili baadaye akarudi na kidonda mdomo wa chini. Mshipa wa fahamu ulikatwa pamoja na uvimbe. Alikuwa akiutafuna mdomo wake na ugali bila kusikia chochote. Hilo nilipaswa kumwonya siku ya kwanza.

Kijana nilimwambia apeleke kidole mwenyewe, abonyeze fizi palipokatwa.

"Unagusa nini?"

"Nyama tu, daktari."

Nikamwandikia rufaa, pamoja na tarehe ya eksirei ya kila mwaka, maana ameloblastoma huweza kurudi hata baada ya miaka 10.