Kombora kugonga lilipolengwa hakukuambii aliyekuwepo ni nani

Nimechoka na hoja hii, na safari hii imetoka kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe kurusha droni: eti silaha za kisasa zimeleta vita vya haki, kwa kuwa kombora sasa linagonga pale pale lilipoelekezwa. Linagonga, sibishi. Lakini pale pamesimama nani?

Mimi hapa Kisumu napima ardhi kwa droni, hasa nyanda za Kano mto Nyando unapofurika. Ukipaa mita 120 kwa kamera ya kawaida, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, hubeba kama sentimita 3 za ardhi. Mabega ya mtu mzima ni pikseli 15 hivi. Mpini wa jembe ni moja, mbili ukibahatika. Kuza picha ya shamba la mpunga Ahero: mkulima mwenye jembe begani ni doa lenye mstari. Mstari huo waweza kuwa fimbo, waweza kuwa bunduki. Programu ya kutambua vitu pichani itakutajia kitu na asilimia ya uhakika wake, ila haiwezi kutambua jembe kama haikuwahi kufunzwa jembe.

Mtasema jeshi lina kamera bora. Linazo. Tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, Wamarekani walifuatilia gari moja jeupe kwa takriban saa 8. Waliona watu wakipakia vyombo, wakaamua ni mabomu, kumbe ni maji. Kombora likagonga gari lile lile. Wakafa raia 10, watoto 7 kati yao, na mwezi uliofuata Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikakiri kosa. Kamera haikuwa na kasoro. Waliokosea ni watu waliotazama kutoka juu wakiwa tayari wanatarajia adui, na waliotazamwa hawakuwa na njia ya kujieleza.

Hapo ndipo tofauti ya nguvu inaponikera. Kwenye ngome ya Chetambe, magharibi mwa Kenya, mwaka 1895 Wabukusu walizidiwa silaha vibaya sana na Waingereza, lakini aliyewashambulia ilibidi afike ukutani kwao. Leo anayekosea anaweza kuwa amekaa Nevada, kule Marekani, akiongoza droni kwa mbali.

Na msiniambie sisi tunaotengeneza teknolojia hii ni watafiti tu. Kifungu cha 36 cha Itifaki ya Kwanza ya Geneva, mkataba wa sheria za vita wa 1977, kinaitaka nchi ipime uhalali wa silaha mpya tangu inapoifanyia utafiti. Marekani haijairidhia itifaki hiyo, na kifungu kinaibana serikali, hakimbani mhandisi. Ndiyo maana mhandisi lazima ajibane mwenyewe.

Sina jibu kwa kila kitu. Mama wa Kakamega mwenye mwana KDF, jeshi la Kenya, kule Somalia akiniuliza kwa nini ndege isiyo na rubani isitangulie mbele ya mwanawe, sijui nitamwambia nini. Tena programu yangu ya kuhesabu mapaa ya mabati kwenye mafuriko inaweza kumhesabia mapaa mtu mwenye nia nyingine kabisa, na sijapata namna ya kuizuia isipokuwa kuchagua ninayempa.