Kamera Ilichagua Kabla ya George

Wengi wakiisimulia filamu ya A Place in the Sun (1951) huishia hapa: kijana maskini, George, kampa mimba Alice, mfanyakazi mwenzake kiwandani, kisha kapendana na Angela, binti wa kitajiri. Itazame kwa jicho la mhariri uone jinsi mwongozaji George Stevens alivyowabagua wanawake hao kwa kamera.

Barazani, George na Angela wamesogelewa hadi nyuso zao zinajaza fremu, bega la mmoja likiziba uso wa mwenzake. Hiyo ni lenzi ndefu: mandhari ya nyuma hufifia, dunia ikabaki watu wawili. Wanaoiga hukosea hapo hapo. Huchukua lenzi fupi na kuisogeza karibu, pua ikavimba na kila kitu nyuma kikaonekana. Rudi nyuma, tumia lenzi ya milimita 85 au zaidi.

Alice hapewi ukaribu huo. Usiku wa mvua, chumbani kwake, kamera inamwacha yeye na George gizani na kwenda taratibu kwenye redio iliyo dirishani. Picha inayeyuka, dirisha ni lile lile, kumekucha. Ndiyo, kanuni za maadili za Hollywood zilibana; hata kwa daktari, utoaji mimba hautajwi kwa jina. Lakini Stevens aliugeuza mbano huo kuwa msimamo: tunamtazama Alice kwa mbali, kama George anavyotamani.

Kuyeyusha picha huko, yaani dizolvu, kwa kawaida huchukua sekunde 1 au 2, fremu 24 hadi 48. Hapa mhariri William Hornbeck huziachia ziende zaidi, picha ya zamani ikigoma kuondoka. Ukitaka dizolvu ya sekunde 4 iliyokaa katikati ya mkato, yaani mahali klipu mbili zinapokutana, kila klipu iwe na fremu 48 za akiba kuvuka mkato. Zikikosekana, programu nyingi hugandisha fremu ya mwisho au hukataa kabisa. Na usipandishe picha mbili angavu, zitageuka uji; uso ukae juu ya sehemu yenye giza ya picha ya pili.

Ziwani, mtumbwi wa George na Alice unapinduka ukiwa mbali mno, jioni, hatuoni mkono wa nani umefanya nini. Ndiyo maana George anaposhtakiwa kwa kifo cha Alice, mwendesha mashtaka (mwigizaji Raymond Burr) anauleta mtumbwi mahakamani na kuvunja kasia mbele ya wazee wa baraza la mahakama: analazimisha picha ya karibu ambayo Stevens alitunyima.