Nywele kwanza, mawimbi baadaye: kupima EEG ya mgonjwa wa akili Nairobi

Mzazi akileta kijana wake kupimwa EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo kinachofanywa kwa vidude vya kunasa umeme (elektrodi) vinavyobandikwa kichwani, swali huwa lilelile: je, mashine itaonyesha kama ana ugonjwa wa akili? Hapana, na jibu hilo napenda litolewe kabla ya droo ya elektrodi kufunguliwa. Hakuna wimbi linalosema huyu ana sonona, yule ana skizofrenia. Anayekuuzia ramani ya ubongo yenye rangi nyekundu na buluu, akadai imegundua huzuni au wasiwasi wako, anakuuzia kitu ambacho sayansi bado haijakifikia. Kwa miaka mingi, kwa mfano, ilisemekana kwamba tofauti ya mawimbi ya alfa (aina moja ya mawimbi ya ubongo) kati ya paji la kulia na la kushoto ni alama ya sonona. Tafiti zilipojumlishwa pamoja, tofauti hiyo haikutosha kumtambua mgonjwa.

Kazi halali za kipimo hiki kwenye afya ya akili ni mbili. Ya kwanza ni kunasa ugonjwa wa ubongo uliovaa sura ya wazimu. Ya pili ni utafiti, ambapo kundi la wagonjwa hulinganishwa na kundi la wazima ili kujua ni hatua gani ya kazi ya ubongo iliyolegea. Zote mbili zinategemea jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia havilitaji, nalo ni nywele za anayepimwa.

Anza na udogo wa kinachotafutwa. Umeme wa moyo unaopimika kifuani ni kama milivolti 1. Mawimbi ya ubongo juu ya ngozi ya kichwa ni maikrovolti 10 hadi 100, yaani mara kumi hadi mia chini ya hapo, ndani ya chumba chenye stima ya volti 240. Umeme huo hautoki kwenye seli moja. Unatoka kwa seli nyingi mno za gamba la ubongo zilizosimama sambamba kama mahindi shambani, zinapopokea ujumbe kwa wakati mmoja. Zikipokea kila moja kwa wakati wake, umeme wao unafutana na juu hakifiki kitu. Kinachobaki lazima kipite kwenye maji ya ubongo, utando, fuvu na ngozi, na fuvu hupitisha umeme vibaya. Hans Berger, aliyerekodi mawimbi ya binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, na kuyachapisha mwaka 1929, alikuwa daktari wa akili. Chombo alichokibuni kimewafaa zaidi madaktari wa kifafa, na moja ya sababu ni hiyo: ishara za magonjwa ya akili ni ndogo kuliko mshtuko wa kifafa, na uchafu mdogo tu unazifunika.

Mahali pa kuweka elektrodi hapakisiwi kwa jicho. Mfumo wa 10-20, uliochapishwa mwaka 1958, hupima kwa asilimia. Chukua utepe wa fundi cherehani, anzia kwenye bonde la juu ya pua katikati ya macho, pita utosini hadi kwenye kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Asilimia 10 ni sentimita 3.6, hapo ndipo sehemu ya elektrodi inayoitwa Fpz. Ongeza asilimia 20 unafika Fz kwenye sentimita 10.8, kisha Cz kwenye 18, Pz kwenye 25.2, na Oz kwenye 32.4. Rudia kutoka sikio hadi sikio ukipitia Cz, halafu zungusha utepe kichwa kizima. Weka alama kwa penseli ya nta. Kosa la sentimita 1 upande mmoja tu litakufanya uone tofauti ya kulia na kushoto isiyokuwepo, na hapo ndipo ripoti za uongo huzaliwa.

Sasa nywele. Elektrodi inataka kugusa ngozi. Kofia za elektrodi zinazouzwa kwa maabara ziliundwa zikiwazia nywele laini zinazolala chini. Ukimvika mtu mwenye nywele za kipilipili, nywele huinuka kama springi na kuisukuma kofia juu. Jeli ya kupitisha umeme inajaa kwenye nywele, ngozi inabaki kavu. Rasta na wivingi ni zaidi: nyuzi za plastiki hazipitishi umeme, na chini ya wivingi kuna matuta na uzi vilivyofunika karibu ngozi yote. Matokeo yake ni kwamba mtafiti mwenye haraka huandika "data mbaya" na kumtupa mshiriki. Tafiti za ubongo zina vichwa vichache vya Waafrika, na sehemu ya upungufu huo imetokana na kofia.

Mwambie mshiriki mapema, angalau siku tatu kabla, si asubuhi ya kipimo. Dada aliyekaa saa sita kwenye kiti cha msusi Kenyatta Market na kulipia nywele zake hawezi kufumuliwa kwa dakika kumi kwa sababu hukumwambia. Ujumbe wa simu unatosha: osha nywele jana yake kwa shampuu, usipake mafuta wala jeli ya kulaza nywele, kula kama kawaida, na usiache dawa yoyote bila daktari wako kusema. Kula si adabu tu. Sukari ikishuka mwilini, mawimbi hupungua kasi na kufanana na ya mtu mgonjwa.

Si lazima afumue na kukaa bila msuko. Njia ninayoipendelea ni matuta ya moja kwa moja, kutoka paji la uso hadi kisogoni, mtindo ambao Waswahili wa Pwani huuita twende kilioni. Sita yanatosha, kwa sababu matuta sita yana njia tano kati yake, na mfumo wa 10-20 una mistari mitano ya mbele hadi nyuma: mmoja wa katikati na miwili kila upande. Njia zikifuata mistari hiyo, ngozi inaonekana wazi pale hasa panapohitajika. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha kazi ya elektrodi zinazoitwa Sevo, neno la Krioli ya Haiti lenye maana ya ubongo. Zina mabawa yanayoingia chini ya matuta mawili jirani, na matuta yenyewe ndiyo yanayoibana elektrodi kwenye ngozi. Kitu kilichokuwa kizuizi kimegeuzwa kishikizo. Usipokuwa nazo, elektrodi za kikombe na pesti ya kupitisha umeme hufanya kazi nzuri kwenye njia hizohizo.

Chana njia kwa kitana chenye mkia, shika nywele pembeni kwa klipu. Chovya ncha ya pamba kwenye jeli yenye chembechembe, sugua ngozi mara tatu au nne kwenye alama, kwa nguvu ya kuondoa mafuta na ngozi iliyokufa, si ya kutoa damu. Jaza kikombe pesti hadi ifanye kilima kidogo, kibandike, funika kwa kipande cha shashi cha sentimita 2 kwa 2, kandamiza. Kisha soma ukinzani, yaani kiasi ambacho umeme unazuiwa kati ya ngozi na elektrodi. Unataka chini ya kiloomu 5 kwa kila elektrodi, na muhimu vilevile, zikaribiane. Kikuza mawimbi hutoa tofauti ya elektrodi mbili, na moja ikiwa na kiloomu 2 na nyingine 20, stima ya ukutani haifutiki, bali inaingia. Ukinzani ukishuka chini ya omu 100 usishangilie: pesti imeenea au jasho limeunganisha elektrodi mbili, na sasa zote zinasema kitu kimoja. Hilo hutokea sana Januari na Februari, jua likiwa kali na chumba hakina hewa.

Mambo mawili ya heshima. Nywele zilizobaki kitanani mrudishie mwenyewe mbele ya macho yake. Wapo wanaoogopa nywele zao kubaki kwa mtu wasiyemjua, na hofu hiyo kwa mgonjwa aliye na shuku nyingi inaweza kuvunja kipimo kizima. Na mwanamke anayevaa hijabu apimwe na mwanamke, mlango ukiwa umefungwa, bila kulazimika kuomba.

Kabla ya kurekodi, mwambie afumbe macho. Mawimbi ya alfa, hezi 8 hadi 13, yanapaswa kujitokeza kisogoni, na akifumbua yapotee. Ukiyaona hivyo pande zote mbili, mashine na mikono yako viko sawa. Ukiona uzi mnene usiobadilika kwenye elektrodi moja, hiyo ni stima ya hezi 50. Wengi hukimbilia kubonyeza kichujio. Usifanye hivyo kwanza, kwa sababu kichujio kinaficha elektrodi iliyolegea badala ya kuitengeneza. Rekebisha elektrodi, chomoa chaja ya simu, sogeza ekstensheni mbali na kichwa. Feni inayotikisa nyaya nayo huchora mawimbi mapana ya polepole ambayo mwanafunzi huyaita ugonjwa.

Dawa lazima ziandikwe zote kwa majina na dozi. Diazepamu hujaza mawimbi ya haraka ya beta. Klozapini hupunguza kasi ya mawimbi na inaweza kuleta ncha kali zinazofanana na za kifafa, na lithiamu vilevile hupunguza kasi. Msomaji asiyejua hayo atampa mgonjwa ugonjwa wa pili.

Kwa upande wa utafiti, jaribio ninalolipenda ni la sauti adimu. Mshiriki anasikia milio ya hezi 1000, na mara moja katika kila tano hivi, bila mpangilio, mlio wa hezi 2000. Akiambiwa aihesabu ile adimu, ubongo hutoa wimbi la juu takriban milisekunde 300 baada ya mlio, linaloitwa P300. Akiambiwa apuuze, atazame filamu isiyo na sauti, bado ubongo hutoa wimbi dogo la mshangao kati ya milisekunde 100 na 250, linaloitwa MMN. Yote mawili huwa madogo kwa watu wenye skizofrenia, na hilo limerudiwa katika maabara nyingi. MMN ina thamani ya pekee: mtu asiye mgonjwa akipewa dawa ya ketamini, inayoziba vipokezi vya NMDA (milango ya seli za ubongo inayopokea kemikali ya ujumbe), wimbi lake nalo hupungua. Kwa hiyo kipimo cha kichwani kinatoa dokezo la kemia iliyo chini, na watafiti wa dawa wanaweza kukitumia kuangalia kama dawa mpya inagusa njia hiyo.

Wimbi la maikrovolti chache halionekani kwa mlio mmoja. Unajumlisha mingi na kupata wastani, na kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: milio adimu 25 inapunguza kelele mara 5, milio 100 mara 10. Kupepesa jicho kunatoa zaidi ya maikrovolti 100 kwenye paji, kwa hiyo milio mingi itatupwa. Panga 150 ili ubaki na 100. Na hapa nywele zinarudi tena: elektrodi mbaya inataka milio mingi zaidi, mgonjwa anachoka, na uchovu wenyewe unapunguza P300. Ukiwalinganisha wagonjwa wa kliniki na wanafunzi wa chuo kikuu, utakuwa umepima umri, usingizi, sigara na dawa. Watafute wazima wa umri na mtaa uleule. P300 hupungua pia kwa wanaokunywa pombe kupita kiasi na wenye Alzheimer, ndiyo sababu haimtambui mtu mmoja mmoja.

Kwa mgonjwa aliye mbele yako leo, kazi ya kwanza, ile ya kunasa ugonjwa wa ubongo, ndiyo yenye uzito. Mwanamke kijana, hajawahi kuugua akili, ndani ya siku au wiki chache anaona vitu, hatulii, halali, kisha anaanza kuganda, mdomo unachezacheza, anapata degedege. Familia inafikiria mapepo, na wodi inaweza kufikiria skizofrenia. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambapo kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo, wakati mwingine kwa sababu ya uvimbe kwenye ovari. EEG ya wagonjwa hawa kwa kawaida si ya kawaida: mawimbi ya polepole yametanda, na kwa baadhi yao kila wimbi la polepole limepandwa na mawimbi madogo ya haraka juu yake, kama nywele za brashi. Hapo uti wa mgongo utolewe maji yapimwe, ovari zipigwe altrasaundi, na matibabu ya kutuliza kinga yaanze. Wengi hupona wakiwahiwa. Dawa za saikosisi (hali ya kuona au kusikia yasiyokuwepo) peke yake hazitamtoa, na baadhi hata zinamkakamaza.

Kifafa kinachoanzia sehemu ya pembeni ya ubongo nacho kinaleta sauti, harufu na hofu zinazofanana na saikosisi. EEG moja iliyo safi haikiondoi, kwani karibu nusu ya wenye kifafa huonekana wazima kwenye kipimo cha kwanza. Rudia baada ya mtu kukesha, rekodi dakika 20 safi au zaidi, na usingizi ukimchukua muache. Ukitaka apumue kwa kina kwa dakika 3 ili kuchochea mawimbi ya kifafa, uliza kwanza kama ana selimundu. Akiwa nayo, usimfanyishe, maana inaweza kumletea kiharusi.

Kwa wanaoandika maombi ya utafiti hapa Nairobi: kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mnavijua, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ninachokiomba kiongezwe ni mstari wa bajeti wa msusi. Alipwe kufumua, kusuka matuta sita, na kumrudishia mshiriki msuko wake baadaye, na muda huo uhesabiwe kwenye nauli na posho ya mshiriki. Kwenye fomu ya kurekodi weka nafasi tatu: mtindo wa nywele, dakika za kuandaa, na sababu ya kila aliyeachwa. Idadi ya walioachwa kwa ajili ya nywele ichapishwe kwenye jedwali lilelile la umri na jinsia.