Picha ya kujichora: Peale na pazia lake

Picha ya kujichora ni picha ambayo mchoraji amejichora mwenyewe. Ikiwa ni ya rangi za mafuta, kwa kawaida kazi hufanyika mbele ya kioo: anajitazama, anapaka, anajitazama tena. Rangi hizi hukauka polepole, kwa hiyo anaweza kulirudia shavu au kivuli cha jicho kabla hazijashika. Na kwa kuwa kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, mtu wa mkono wa kulia huweza kuonekana ameshika brashi kwa mkono wa kushoto, asipoamua kurekebisha.

Ila sura ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe. Anayejichora ndiye anayechagua asimame wapi, avae nini, na kando yake kuwe na kitu gani. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mmarekani Charles Willson Peale, "The Artist in His Museum", wa mwaka 1822.

Peale alikuwa na miaka 81. Wadhamini wa makumbusho aliyoyaanzisha Philadelphia walimwomba ajichore, naye akatumia turubai lenye kimo cha zaidi ya mita 2.5. Amesimama wima, kavaa nguo nyeusi, mkono mmoja umeinua pazia zito jekundu. Nyuma yake unaonekana ukumbi mrefu wenye makabati ya ndege waliokaushwa, na juu ya makabati picha za watu mashuhuri wa enzi ya Mapinduzi ya Marekani. Upande wa kulia, pazia limeficha nusu ya mifupa ya mastodoni, mnyama wa kale wa ukoo wa tembo, ambaye Peale mwenyewe alisimamia kuchimbuliwa kwake katika jimbo la New York mwaka 1801. Ndani kule mwanamke mmoja kainua mikono kwa mshangao.

Sasa tazama chini, karibu na miguu yake. Kushoto, bata mzinga aliyekufa kalazwa juu ya sanduku la zana, akisubiri kukaushwa. Kulia, kibao cha rangi na brashi vimewekwa mezani. Wachoraji wengi hujichora wamevishika. Peale ameviweka chini ili mikono ibaki huru kumkaribisha mgeni. Kwangu mimi, uamuzi huo unamweleza mzee huyu kuliko mikunjo yote ya uso wake.

Picha hiyo iko Pennsylvania Academy of the Fine Arts, taasisi ambayo Peale alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1805.