Ruzuku ya biashara hailipiwi "ada ya fomu"

Ujumbe huu umezunguka sana kwenye magrupu ya Mombasa, kuanzia mama mboga wa Kongowea hadi mafundi wa Mwembe Tayari: serikali inatoa ruzuku kwa wafanyabiashara wadogo, tuma mia tano ya fomu, nafasi zinakwisha leo.

Si kweli. Msaada upo, ila hauji hivyo. Fedha nyingi za umma kwa vijana na akina mama ni mikopo, inarudishwa, na kwa kawaida hupitia vikundi vilivyosajiliwa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kujisajili ni bure.

Mkanganyiko una sababu. Kibali cha biashara hulipiwa kweli kila mwaka, kwa hiyo ada nyingine haishtui mtu. Halafu picha ina nembo na muhuri, na aliyeileta ni shemeji unayemwamini (naye kaletewa vilevile).

Kabla ya kutuma hela, tazama anwani ya tovuti: za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. Tazama pia jina linalotokea unapolipa. Likiwa la mtu binafsi, acha. Ukibaki na shaka, kaulize ofisi ya wadi yako.

Na ujumbe wenyewe, tafadhali, usiusambaze, hata kwa kuuliza "jamani, hii ni kweli?" Wapo watakaoiona namba ya kulipia tu.