Jiwe halipakwi mng'ao: uongo tunaodanganyana kuhusu kung'arisha mawe nyumbani

Kila nikimwonyesha mtu kokoto zangu swali la kwanza ni lilelile, "umezipaka nini?" Nikisema sijapaka kitu naonekana mchoyo wa siri. Na makosa karibu yote ya kazi hii yanaanzia hapohapo, maana mtu akishaamini mng'ao ni kitu cha kupaka basi atatafuta dawa, atatafuta mafuta, atatafuta unga wa ajabu wa kumalizia, wakati kazi yenyewe yote iko kwenye kukwaruza. Eeh, kukwaruza. Jiwe lina mashimo na mikwaruzo mikubwa, unalisaga kwa kitu kigumu mpaka ile mikubwa iishe ibaki ya kati, alafu ya kati unaifuta kwa kuweka midogo zaidi, unaenda hivyohivyo mpaka inakuwa midogo kuliko wimbi la mwanga, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na hapo mwanga ukigonga uso wa jiwe hautawanyiki tena, unarudi umenyooka kama kwenye kioo. Ndo mng'ao huo.

Sasa tuje kwenye maneno ya watu.

"Likilowa linang'aa, kwahiyo likikauka lipake vanishi tu, biashara imeisha"

Jiwe likilowa linang'aa kwa sababu maji yamejaa kwenye mikwaruzo na kuisawazisha. Maji yakikauka mikwaruzo iko palepale inakungoja. Vanishi inafanya kazi ileile ya maji ila yenyewe haikauki ikaondoka, inakaa juu kama plastiki, na baada ya muda inaanza kuwa njano au kubanduka pembeni. Sikatai, kuna mawe laini yenye vitundu ambayo hayatakaa yang'ae kwa namna nyingine, hayo pake vanishi kwa amani, lakini usiite kung'arisha. Faida ya kweli ya maji ni kuchagua, lowesha jiwe kabla hujaanza na rangi utakayoiona hapo ndo rangi utakayopata mwisho wa safari. Na ukitaka kujua kama umemaliza hatua fulani fanya kinyume chake, likaushe kabisa kwa kitambaa kisha liangalie kwenye taa, kwa sababu jiwe lililolowa linadanganya kila siku na mimi nimedanganyika mara nyingi kuliko napenda kukiri.

"Jiwe lolote ukilitia kwenye tambla linatoka zuri"

Hii ndo imeua hamu ya watu wengi. Mtu ananunua tambla, yaani ile mashine ya pipa linalozungusha mawe pamoja na maji na unga wa kusagia, anaenda kuokota mawe popote, anajaza pipa, mwezi mzima linaunguruma usiku na mchana, anafungua anakuta mawe yaleyale ila sasa ni duara. Mashine haina kosa. Mawe hayakuwa ya kung'aa.

Kuna kipimo cha ugumu alichotunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kinaanzia 1 kwa talki, madini laini kabisa yanayokwaruzika kwa kucha, mpaka 10 kwa almasi. Mawe yanayopenda tambla mengi yako karibu na 7, yaani kwazi (quartz), akiki, yaspi na ndugu zao. Kalsaiti ambayo ndo inajenga marumaru na mawe ya chokaa iko 3. Jaribio rahisi ni kisu cha chuma cha kawaida, ambacho kiko kwenye 5 na nusu hivi, ukipitisha ncha kwenye jiwe likabaki na mchoro uliochimbika jua ni laini, kikiacha tu mstari wa kijivu unaofutika ujue chuma ndo kimelika na jiwe lako ni gumu. Jaribio jingine ni tone la siki, likitoa mapovu madogo hiyo ni chokaa au marumaru.

Ila ugumu peke yake hautoshi, na hili wengi hawalisemi. Itale (granite) kwa mfano ina madini ya kwazi na felspa ambayo ni magumu alafu katikati ina vipande vya ulanga (mica) vilivyo laini, sasa unga ukisaga vile laini vinachimbika haraka vinaacha vishimo, unabaki na uso wa maua maua hata ukikaa nao mwaka. Jiwe la mchanga ndo usiguse kabisa, punje zake zinang'oka moja moja na kila punje inayong'oka inakuwa msasa wa kukwaruza wenzake. Unachotaka ni jiwe zito, lenye chembe ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho, ambalo ukilivunja linavunjika laini kama chupa nene. Tone la maji likinyonywa na jiwe, liache.

Na nyufa jamani. Watu wanadhani ufa unaisha kwenye tambla. Ufa unakuwa mrefu, unakula unga wa hatua ya kwanza, unauficha, alafu unakuja kuutapika kwenye hatua ya mwisho.

"Changanya yote, mashine haina ubaguzi"

Niliwahi kutia vipande vitatu vya marumaru nyeupe pamoja na akiki kwa sababu pipa lilikuwa halijajaa. Baada ya wiki akiki zilikuwa vilevile, marumaru moja imebaki ukubwa wa harage na zile mbili sikuziona tena, zilikuwa zimeshageuka uji mweupe. Weka mawe yanayolingana ugumu. Ukubwa ndo uchanganye, makubwa na madogo, kwa sababu madogo yanaingia kwenye mikunjo ambayo makubwa hayafiki.

"Mchanga unatosha, kwani mto unatumia nini?"

Swali zuri, na jibu liko mtoni kwenyewe. Jiwe la mtoni ni laini ukilishika, lina umbo zuri, lakini likikauka halina mng'ao hata kidogo. Mto umelifanyia hatua ya kwanza tu, tena kwa muda ambao wewe na mimi hatuna. Mchanga mwingi ni kwazi, ugumu 7, na huwezi kusaga akiki ya 7 kwa kitu cha 7 ukategemea kumaliza mwezi huu. Alafu punje zake nyingi zimeshakuwa duara, hazina kingo.

Unga unaotumika ni silikoni kabaidi, unakaribia almasi kwa ugumu, na Edward Acheson wa Marekani ndo alipewa hataza ya kuutengeneza mwaka 1893. Uzuri wake zaidi ya ugumu ni kwamba ukivunjika unavunjika na kingo mpya kali, kwahiyo kadiri unavyosaga ndo unavyozidi kuwa mdogo ila unaendelea kukata. Namba kubwa maana yake punje ndogo (hapo nilichanganyikiwa mwanzoni nikanunua kinyume). Mpangilio wa kawaida ni 60/90, kisha 120/220, kisha 500, alafu unga wa kumalizia ambao mara nyingi ni aluminiamu oksaidi au seriamu oksaidi. Kipimo cha ule wa kwanza ni kama vijiko viwili vya chakula kwa kila nusu kilo ya mawe, na maji yafike chini kidogo ya mawe ya juu. Maji mengi yanaosha unga unatuama chini, machache yanaganda kama ugali.

"Ukiiacha muda mrefu zaidi inang'aa zaidi"

Hapana. Ule unga mkubwa baada ya kama wiki moja ya kuzunguka bila kusimama umeshavunjika wote, kuanzia hapo unalipia umeme tu. Kama mawe bado yana mashimo unamwaga, unaosha, unaweka unga mpya wa namba ileile unarudia. Mara mbili, mara tatu, kuna yaspi yangu ilienda mara sita. Hatua ya kwanza ndo pekee inayobadilisha umbo, zinazofuata zinafuta mikwaruzo tu, kwahiyo shimo ulilolisamehe pale utalikuta mwisho likiwa limejaa unga mweupe linakucheka. Kama kuna hatua ya kutumia subira yako yote ni hiyo, zile nyingine wiki wiki zinaenda zenyewe.

Kuhusu kuzungusha kwa kasi ili iishe mapema, jaribu utaona, mawe badala ya kuteleza juu ya mengine yanarushwa yanagongana, unapata alama za mwezi mchanga kwenye kila kona. Pipa lenyewe linatakiwa lijae kati ya nusu na robo tatu. Mimi nasikiliza sauti. Ikiwa ni mteremko laini kama kokoto zinamiminwa taratibu, sawa. Ikiwa ni kok-kok-kok pipa liko tupu mno, ongeza vipande vya kauri vya kujazia.

Alafu kuna wanaosema tambla ya mtetemo ni ileile ya kuzunguka ila ya haraka. Ni ya haraka kweli, siku badala ya wiki, ila haibadilishi umbo sana, jiwe lenye kona linatoka na kona zake. Wengine wanaanzia kwenye pipa la kuzunguka kupata umbo alafu wanamalizia kwenye ya mtetemo, na nadhani hao ndo wenye akili.

"Nimesuuza, inatosha"

Punje moja ya namba 60 ikibaki kwenye pipa la kumalizia inatosha kuharibu kila kitu, punje moja tu, itazunguka wiki nzima ikichora kila jiwe. Kwahiyo mawe unapiga mswaki moja moja, pipa unasugua mpaka ule mfereji wa mfuniko, na hata kucha zako. Vipande vya plastiki vya kujazia kila hatua iwe na vyake kwa sababu unga unajichomeka ndani yake na hautoki. Jiwe lenye ufa au kishimo baada ya hatua ya kwanza litoe, lirudishe nyuma, usilionee huruma. Watu wengi wanaolalamika unga wao wa kumalizia ni feki, tatizo lao liko hapa.

"Bila mashine haiwezekani"

Inawezekana sana, na kwa mawe laini mkono ni bora kuliko tambla. Marumaru, alabasta, jiwe la sabuni, mawe ya chokaa yenye visukuku ndani, haya unayasugua kwa msasa wa maji, ule mweusi, ukiwa na beseni pembeni. Unaanza 150 au 220 kama jiwe halina kona kubwa, unaenda 400, 600, 1000, 2000, ukipata 3000 vizuri zaidi. Watu wanaharibu kwa kuruka, wanatoka 220 wanaenda 1000 kwa sababu mkono umechoka, matokeo yake ni jiwe linalong'aa lenye mistari mirefu ndani ya mng'ao. Mbinu niliyofundishwa, na sijaona bora yake, ni kuchora jiwe lote kwa penseli kabla ya kila msasa mpya kisha unasugua kwa upande unaokatiza ule wa mwanzo, penseli ikiisha na mistari ya zamani ikiisha, songa mbele. Mwisho unamalizia na kipande cha ngozi au jinzi chenye uji wa unga wa kumalizia. Jiwe la ukubwa wa yai linakula jioni moja hivi.

Akiki kwa msasa wa kawaida? Utazeeka. Pedi za almasi zinaweza, bado ni masaa na masaa. Na ile habari ya dawa ya meno, ina unga mlaini kweli, kwenye jiwe laini lililoshafika 2000 itaongeza kitu kidogo, kwenye akiki itaiacha inanukia tu.

"Vumbi la mawe ni vumbi tu"

Hapa sina utani. Vumbi la kwazi na ndugu zake likiingia kwenye mapafu linabaki humo na linaleta silikosisi, ugonjwa ambao hauna tiba. Kwahiyo kazi yote ifanyike kwenye maji, msasa ulowe, na ule uji uliomwagika mezani ufutwe kabla haujakauka, usiusubiri uwe unga ndo ufagie. Ukilazimika kukata au kusaga kikavu vaa barakoa halisi ya vumbi laini, kitambaa hakizuii kitu. Na mawe yenye risasi kama galena, au yenye zebaki kama sinabari, usiyasage kabisa nyumbani hata yawe mazuri namna gani. Malakiti nayo ina shaba, vumbi lake usilipumue.

Kingine kidogo, pipa lililofungwa linaweza kujaza gesi kwa baadhi ya mawe, mfuniko ukaanza kuvimba. Fungua mara moja kila siku chache, linapumua, unafunga.

"Ule uji mwaga kwenye sinki, si matope tu"

Ule uji ni unga wa mawe mlaini kupita kiasi, ukituama kwenye kona ya bomba unagandamana kama saruji. Unaumwaga kwenye ndoo, unauacha utuame, maji ya juu unayamwaga nje na tope likikauka ndoo iwe imefunikwa, kisha unalitoa kama mzigo mmoja kwenye takataka. Haya nayajua kwa sababu nilimwaga hatua mbili nzima kwenye sinki ya jikoni, na fundi bomba alipokata kipande akakiona kimejaa mpaka mdomoni aliniangalia akaniuliza, "kwani mnajenga humu ndani?"