Kosa Lilikuwa Bega Langu

Kwa miaka tisa nilifundisha mbwa wa ulinzi Dar es Salaam kabla ya kuhamia Uingereza, na miaka yote hiyo mbwa wangu walijua upande mmoja tu wa dunia: mguu wangu wa kushoto. Nikitembea, mbwa yuko kushoto. Nikisimama, anaketi kushoto, macho usoni kwangu, anangoja neno. Nilijivunia sana hilo. Siku ya kwanza nilipoingia uwanja wa ajiliti, mchezo wa mbwa kupita vikwazo, na mbwa wangu Kunguru, hilo hilo ndilo lililonitia aibu.

Kunguru ni Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi mwenye kifua cheupe. Mtu wa Tanga akimwona haulizi jina limetoka wapi.

Kwa asiyeujua mchezo: mbwa anafunguliwa kamba, anapita vikwazo ishirini hivi kwa mpangilio wa namba, na saa inamhesabia. Kuna viunzi vya kuruka, mahandaki ya turubai, ubao wa kupanda na kushuka ulioinuka kama paa la nyumba, daraja jembamba, pembea ya ubao, na fito za kupita katikati yake kwa kupindapinda. Wewe unakimbia naye, lakini humgusi yeye wala kikwazo, na mkononi huna chakula wala mpira. Kiunzi kikianguka, pointi 5 za adhabu. Akikataa kikwazo, 5 nyingine. Akikataa mara tatu, au akiingia mahali ambapo si zamu yake, mmeondolewa.

Ulianza kama kitu cha kujaza muda. Mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, ukumbi wa Olympia, London, John Varley alitakiwa kutafuta cha kuwachangamsha watazamaji wakati uwanja ukiwa mtupu. Akakopa wazo la farasi wanaoruka viunzi, akamshirikisha Peter Meanwell aliyekuwa mfundishaji wa mbwa. Watu wakaupenda, na kufikia 1980 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ikawa imeutambua. Ukitazama njia ya ajiliti leo bado unauona ule ufarasi ndani yake.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Kwenye shindano letu la kwanza, ngazi ya chini kabisa ya wanaoanza, kikwazo cha tisa kilikuwa daraja, na mdomo wa handaki ulikuwa umelala pale pale ubavuni mwake. Waamuzi hupenda mtego huo. Nilikuwa nimeitembea njia nzima peke yangu kabla, kama inavyoruhusiwa, nikahesabu hatua, nikajiona niko tayari. Tulipofika, nikapaza sauti ya kambini: “Panda! Panda!” Kunguru akaingia handakini kama risasi, akachomoza upande wa pili mkia juu, anafurahi kweli kweli. Mwamuzi akapishanisha mikono juu ya kichwa. Tumetolewa.

Nilitoka nikinung'unika kwamba mbwa hasikii. Mwalimu wangu, mama wa makamo ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alikuwa amerekodi kwenye simu. Akaniwekea ile sehemu polepole. Hatua mbili kabla ya daraja niligeuka kumtazama mbwa, maana miaka tisa nilizoea kumtazama. Bega la kulia likazunguka, ncha za viatu zikafuata, vyote vikaelekea handakini. Neno “panda” lilitoka mdomoni baada ya hapo. Kunguru alikuwa ametii, tena upesi.

Nikawa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mbwa anayekimbia husoma miguu na mabega yako kwanza, mikono baadaye, sauti mwisho. Ukipunguza mwendo anakunja kona, ukiongeza anatanua. Ilinibidi nijifunze kumbadilisha upande nikiwa nakimbia, kupita mbele yake au nyuma yake, kitu ambacho kwa mbwa wa ulinzi ni fujo tupu. Nilijizoeza sebuleni bila mbwa, vikombe sakafuni. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Fito ndizo zilizonichukulia muda mrefu zaidi. Huwa hadi 12, zimesimama kwa mstari, sentimita 60 kati ya moja na nyingine, na lazima mbwa aingie fito ya kwanza ikiwa begani kwake kushoto, awe anatokea pembe yoyote. Wengine huburuta mbwa kwa kamba katikati yake. Anajifunza kuburutwa, basi. Mimi nilipanga sita tu, safu mbili zilizoachana, apite katikati moja kwa moja akifuata mpira. Kila baada ya siku kadhaa nikazisogeza kwa upana wa vidole viwili. Kuna asubuhi moja niliona mgongo wake umeanza kupinda wenyewe, kichwa kiko chini, miguu ya mbele ikigonga nyasi kwa mdundo mmoja. Sikusema neno, nikaogopa kumharibia. Na msiwaharakishe watoto wa mbwa kwenye fito: viungo havijakomaa, na hapa Uingereza mbwa hashindani kabla ya miezi 18.

Pembea nayo ina kelele inayotisha. Nilianza kwa kumpa kipande cha soseji kila alipogonga ubao chini kwa mguu wake mwenyewe, mpaka mlio ukawa ndio tangazo la soseji. Akishuka amefundishwa kusimama miguu miwili ardhini, miwili ubaoni, kwa sababu asipogusa eneo la chini lililopakwa rangi, ni 5 tena.

Raundi yetu ya kwanza safi ilikuja shindano la kumi na moja. Tukapewa ua la utepe la nafasi ya nane. Jioni nikampigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbwa hajambo?” Hilo peke yake ni maendeleo. Nikamweleza daraja, fito, utepe.

“Na hela?”

“Hela hawatoi, mama. Kiingilio ndiyo tunalipa sisi.”

Kimya. Kisha nikamsikia akimgeukia dada yangu: “Anasema analipa yeye.”